Kutuma matukio ya programu kwenye huduma ya takwimu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa watu wanaojenga programu za simu na tovuti, hasa wale ambao wameshaunganisha huduma ya takwimu, dashibodi inachora grafu za kupendeza, kisha mhasibu anatokea na idadi ya mauzo isiyofanana nayo hata kidogo. Mifano mingi ni ya programu moja ya kubuni ya kuagiza mitungi ya gesi jijini Nairobi. Huduma zilizotajwa kwa majina zimetajwa kwa sababu kanuni zake ziko wazi kwenye nyaraka zake, hatuzipigii debe.

Tukio ni nini, na lina tofauti gani na logi?

Tukio ni rekodi ya jambo moja lililofanywa na mtumiaji au lililompata: amefungua programu, amechagua mtungi wa kilo 6, ameghairi oda. Logi ni maandishi ambayo programu hujiandikia kuhusu inachofanya; humsaidia fundi anayesaka hitilafu, na haijali sana maneno yamepangwaje. Tukio humsaidia anayeuliza "wangapi?", kwa hiyo lazima liwe na umbo lile lile kila linapotumwa. Ukijikuta unatuma ujumbe wa hitilafu wa mistari arobaini kama tukio, hiyo ni kazi ya logi.

Likiwa njiani lina sura gani?

Kwa kawaida ni JSON, yaani maandishi ya jina na thamani yake, inayotumwa kwa HTTPS kwenye anwani ya huduma husika. Majina ya sehemu hutofautiana kati ya huduma na huduma, ila kiini ni hiki:

```
{
  "id": "0b6f3c1e-7d52-4a0e-9c1b-5e2f8a94d310",
  "jina": "oda_imetumwa",
  "mtumiaji": "u_83f1c7",
  "lilitokea": "2025-03-14T16:42:07Z",
  "toleo": "3.8.1",
  "sifa": {
    "ukubwa_kg": 6,
    "njia_ya_malipo": "mpesa",
    "eneo": "Kayole"
  }
}
```

Wengi huweka jina na sifa, wakasahau `id` na `toleo`. Faida ya `id` utaiona kwenye swali la kuhesabu mara mbili. `toleo` ndiyo sehemu ya kwanza kuiangalia siku idadi ya oda inapoporomoka ghafla. Kama wateja waliopotea wote wanatumia toleo moja la programu, umevunja kitu kwenye toleo hilo. Kama wamepungua kwenye matoleo yote kwa kiasi kile kile, nenda ukazungumze na watu wa mauzo.

Kwa nini tusitume kila tukio hapo hapo linapotokea?

Kwa sababu tukio lenyewe ni dogo, gharama ni safari. Kufungua muunganisho na seva (TCP) na kupatana funguo za usimbaji (TLS) kunaweza kula data nyingi kuliko tukio la baiti mia tatu unalolituma. Halafu kuna betri. Simu ikishatuma chochote kwa mtandao wa simu, redio yake hubaki imewaka kwa sekunde kadhaa ikisubiri kama kuna kingine. Matukio ishirini yaliyotawanyika ndani ya dakika tano yanaiwasha redio tena na tena. Yakitumwa kwa pamoja, inawaka mara moja.

Ndiyo maana maktaba nyingi, yaani msimbo ulioandikwa tayari na huduma, hukusanya kwanza. Google Analytics kwa Firebase, kwa mfano, hukusanya matukio ya programu ya simu kwa takriban saa moja kabla ya kuyapakia. Mtu asiyejua hilo hubonyeza kitufe kwenye simu yake, anakodolea macho dashibodi, haoni kitu, anaanza kubomoa msimbo usio na tatizo lolote. Ukiandika mfumo wako, weka masharti mawili, moja likitimia unatuma: foleni ya matukio yanayosubiri imefikisha idadi fulani (tuseme 20), au muda fulani umepita (tuseme sekunde 30 programu ikiwa mbele ya mtumiaji). Ongeza la tatu: tuma mtumiaji anapoiweka programu nyuma, kwa sababu huenda asirudi.

Bana furushi la matukio kwa gzip, njia ya kupunguza ukubwa wa data, kama huduma inaikubali. JSON yenye majina yanayojirudia hubanika vizuri sana, na anayelipia bando ni mteja wako.

Simu ikikosa mtandao je?

Foleni iandikwe kwenye hifadhi ya simu, hifadhidata ndogo ya SQLite au faili, kabla ya kujaribu kutuma. Ikikaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, mfumo ukiizima programu foleni nayo imekwenda, na simu nyingi za Android za bei nafuu huzima programu za nyuma bila huruma ili kulinda betri. Futa tukio kwenye foleni baada ya seva kuthibitisha kulipokea. Ukilifuta wakati wa kutuma, kila mtandao unapokatika katikati unapoteza furushi zima.

Foleni iwe na kikomo. Mtu anaweza kukaa wiki mbili bila bando akifungua programu kila siku kutazama bei za zamani. Kikomo kikifika, lazima uamue kitakachotupwa, na uamuzi huo ni wa biashara kuliko wa ufundi. Sisi tungetupa matukio ya kutazama skrini kwanza na kubakiza yale ya oda.

Kwenye Android, kazi ya kutuma kwa nyuma ipe WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi, uiwekee sharti la kuwepo mtandao. Kazi yake inayojirudia haiwezi kupangwa kwa chini ya dakika 15. Inatosha kabisa; takwimu si gari la wagonjwa.

Seva imejibu vizuri, lakini dashibodi haina kitu. Tatizo ni nini?

Swali hili ndilo linaloongoza, na jibu lake huwakera watu: jibu la "sawa" kutoka kwa huduma ya takwimu mara nyingi humaanisha "ombi limefika", basi. Halisemi kwamba tukio limekubaliwa.

Measurement Protocol ya Google Analytics 4 (GA4), njia ya kuitumia matukio moja kwa moja kwa HTTP, ni mfano mzuri. Anwani yake ya `/mp/collect` hujibu namba za familia ya 200, zile za "sawa", hata kama ulichotuma kimeharibika, au jina la tukio haliruhusiwi. Ukikosea, hutaambiwa. Ipo anwani ya pili, `/debug/mp/collect`, ambayo hukagua na kurudisha orodha ya makosa, ila kinachotumwa huko hakiingii kwenye ripoti. Watu hujaribu huko, wanaona hakuna kosa, wanasubiri grafu isogee. Haitasogea.

Ukiwa huko, angalia vikomo vyake: matukio 25 kwa ombi moja, sifa 25 kwa tukio, jina la tukio lisizidi herufi 40 na lianze na herufi, ombi zima lisifike kilobaiti 130. Tukio lililokwisha kutokea linapokelewa kwa tarehe yake ikiwa halijapita saa 72. Rudi sasa kwa yule mteja wa wiki mbili bila bando: simu yake itakapopata mtandao itatuma foleni yote, itajibiwa vizuri, na sehemu kubwa ya tarehe zile hazitaonekana mahali zilipotokea. Kama wateja wako ni wa namna hiyo, ama chagua huduma inayopokea matukio ya zamani, ama yapitishe kwanza kwenye seva yako na kuyatunza humo.

Na kabla ya yote hayo, subiri. Ripoti za kawaida za GA4 zinaweza kuchukua saa 24 hadi 48 kukamilika.

Namba za majibu zinataka nifanye nini?

Familia ya 200: futa kwenye foleni. 400: umetuma kitu kibovu, na ukikituma tena kitakuwa kibovu vile vile, kiweke pembeni, kirekodi kwenye logi, endelea na vingine. 401 au 403: ufunguo una matatizo, acha kutuma mpaka urekebishwe. 413: furushi ni kubwa, ligawe. 429: unatuma kwa kasi kupita kiasi, ngoja. 500 na kuendelea, au ukimya: jaribu tena baadaye.

"Baadaye" iwe inayorefuka: sekunde 2, 4, 8, 16, mpaka kikomo cha dakika kadhaa, na kila mara ongeza muda wa nasibu juu yake. Bila nasibu, simu zote zilizokwama seva ilipoanguka zitarudi kwa pamoja sekunde ile ile inapoinuka, na kuiangusha tena.

Kosa baya zaidi ni furushi moja lenye tukio moja bovu kukaa mbele ya foleni na kujaribiwa milele, huku mazima yote yakisubiri nyuma yake.

Kwa nini oda zetu zinahesabiwa mara mbili?

Simu ilituma, seva ikapokea, jibu likapotea njiani. Simu haikuona jibu, ikatuma tena, na ilikuwa sahihi kufanya hivyo. Huwezi kuzuia hali hii kwenye mtandao wa kweli. Unachoweza ni kuhakikisha kutuma mara mbili hakuna madhara. Kila tukio lipewe UUID, yaani kitambulisho cha kipekee cha nasibu, wakati linapotokea, ihifadhiwe nalo kwenye foleni, na isibadilike kamwe kwenye majaribio yanayofuata. Maktaba nyingine za kienyeji hutengeneza `id` wakati wa kutuma, na hapo faida yote imepotea.

Huduma nazo zina taratibu zake. Amplitude hutumia sehemu ya `insert_id` na kutupa marudio ya kifaa kile kile ndani ya siku 7. Mixpanel ina `$insert_id`, na inataka jina la tukio, mtumiaji na wakati navyo vifanane. Soma kanuni ya huduma yako kabla ya kudhani marudio yanajiondoa yenyewe.

Tukio la malipo litumwe na simu au na seva?

Na seva. Hapa hatuna shaka, na tunadhani ndipo chanzo cha zile hesabu za mhasibu zisizokubaliana.

Fuata malipo ya M-Pesa kupitia Daraja, jukwaa la Safaricom la watengeneza programu. Mteja anabonyeza "Lipa". Seva yako inaomba STK Push, yaani ombi la malipo linalotokea kwenye simu ya mteja, Daraja inajibu kwamba ombi limepokelewa na kukupa `CheckoutRequestID`. Kwenye simu kinatokea kidirisha cha kuweka PIN. Wakati huo programu yako haijui chochote. Mteja anaweza kuweka PIN, anaweza kughairi, anaweza kukiacha kidirisha mpaka kikaondoka chenyewe. Matokeo hayaji kwenye programu, yanakuja kwenye anwani ya seva yako: `ResultCode` 0 ikiwa malipo yamepita, 1032 mteja akighairi, 1037 simu isipopatikana au mteja asipojibu kwa wakati.

Sasa fikiria msanidi aliyeweka `malipo_yamekamilika` kwenye kitufe cha "Lipa", au kwenye lile jibu la kwanza la "ombi limepokelewa". Kila aliyeghairi amehesabiwa kama mnunuzi. Aliyeliweka kwenye skrini ya "Asante" ana tatizo la upande wa pili: mteja alilipa, akaona ujumbe wa M-Pesa, akafunga simu bila kurudi kwenye programu. Fedha imeingia, tukio halipo.

Gawa kazi. Simu itume `lipa_imebonyezwa`, kwa sababu ndicho inachokijua. Seva, ikipata matokeo, itume `malipo_yamekamilika` au `malipo_yameshindikana` pamoja na ile namba ya matokeo kama sifa, na `CheckoutRequestID` iwe ndiyo `id` ya tukio, ili matokeo yakishughulikiwa mara mbili yahesabiwe mara moja. Ukipata 1037 nyingi kuliko 1032, huenda wateja hawakatai bei, kidirisha hakiwafikii. Tofauti hiyo haionekani kabisa kama uliandika tu "yameshindikana".

Jambo moja husahaulika: tukio la seva libebe kitambulisho kile kile cha mtumiaji kilichotumwa na simu. La sivyo dashibodi itaona watu wawili, mmoja aliyebonyeza bila kulipa na mwingine aliyelipa bila kubonyeza.

Matukio mengine yana tarehe ya mwaka 1970 au ya mwaka ujao. Kulikoni?

Saa ya simu. Betri ilikwisha, au mtu aliirudisha nyuma kwa sababu zake. Tuma nyakati mbili: tukio lilipotokea na furushi lilipotumwa, zote kwa saa ya simu. Seva inajua lilipopokelewa kwa saa yake yenyewe. Tofauti kati ya kutumwa na kupokelewa ndiyo kosa la saa ya simu, na unaweza kusahihisha wakati wa tukio kwa kiasi hicho. Huduma ya Segment hufanya hivyo.

Usichanganye hilo na majira. Tuma UTC, saa ya kimataifa, daima, kisha weka dashibodi kwenye saa za Afrika Mashariki. Ukiiacha kwenye UTC, "siku" yako itakuwa inaanza saa tisa usiku, na mauzo yaliyofanyika baada tu ya usiku wa manane wa Ijumaa yatabaki Ijumaa wakati kitabu cha mauzo kinayaandika Jumamosi. Ukiwa na wateja Kigali au Bujumbura, wao wako saa moja nyuma ya Nairobi.

Matukio tuyape majina gani?

Lugha moja, mtindo mmoja, orodha moja inayotunzwa na mtu mmoja. `oda_imetumwa`, `OdaImetumwa` na `order_sent` ni matukio matatu kwa mashine. Kinachobadilika kiende kwenye sifa: tukio liwe `mtungi_umechaguliwa` lenye `ukubwa_kg`, lisiwe `mtungi_6kg_umechaguliwa`. Kiswahili kinafaa kabisa, mradi timu nzima inakisoma.

Na yawe machache. Timu ikianza na matukio 15 inayoyaelewa hupata majibu mapema kuliko yenye 200 ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa kwa nini.

Tukituma namba ya simu baada ya kuificha kwa SHA-256, tuko salama?

Hapana. SHA-256, hesabu inayogeuza maandishi kuwa msimbo wa urefu mmoja, haigeuziki kwa hesabu, lakini hakuna haja ya kuigeuza. Namba za Kenya zinazoanza na 2547 zina tarakimu nane tu zilizobaki, yaani uwezekano milioni 100. Ukiongeza za 2541, ni milioni 200. Kompyuta ya mkononi ya kawaida hukokotoa mamilioni ya SHA-256 kwa sekunde. Mwenye orodha yako atazipitia namba zote kwa dakika chache na kuwa na jedwali kamili: huku msimbo, huku namba ya mtu. Namba za vitambulisho vya taifa zina udhaifu huo huo.

Mpe kila mtumiaji kitambulisho cha nasibu, kama `u_83f1c7` hapo juu lakini kirefu zaidi, na uhusiano wake na namba ya simu ubaki kwenye hifadhidata yako peke yake. Google Analytics, kwa masharti yake, inakataza kabisa kutumiwa taarifa zinazomtambulisha mtu. Kagua pia njia za siri: anwani ya ukurasa yenye `?simu=0722...` ndani yake hupelekwa na maktaba bila kukuuliza, na kisanduku cha utafutaji hupokea kila aina ya maandishi.

Sheria inasemaje?

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Uganda ilipitisha yake 2019 na Rwanda 2021. Zote zinagusa jambo linalowahusu ninyi moja kwa moja: kupeleka taarifa za watu nje ya nchi, na seva za huduma nyingi za takwimu ziko nje. Muulize mwanasheria, lakini nenda kwake na orodha ya matukio yako mkononi, maana hilo ndilo atakalouliza kwanza.

Kisa cha kukumbuka ni cha Flo, programu ya kufuatilia hedhi. Januari 2021 ilifikia makubaliano na tume ya biashara ya Marekani, FTC, kwa madai kwamba ilipeleka taarifa za afya za watumiaji kwa kampuni kama Facebook na Google. Hakukuwa na haja ya kutuma faili la hospitali. Mojawapo ya matukio yaliyotajwa kwenye malalamiko liliitwa `R_PREGNANCY_WEEK_CHOSEN`. Jina la tukio peke yake limeshasema mtumiaji ana mimba. Programu za afya, mikopo na ibada zisome orodha yao ya majina kwa jicho hilo.

Ufunguo wa huduma uko ndani ya programu. Si hatari?

Inategemea ni upi. Funguo za kuandikia tu zimeundwa zikae hadharani. Yeyote anaweza kuichambua APK (faili la programu ya Android) na kuziona, na baya atakaloweza ni kukutumia matukio ya uongo. Funguo za kusoma data, na `api_secret` ya Measurement Protocol, hazikai kwenye simu ya mteja hata siku moja.

Kwa nini tovuti yetu inahesabu watu wachache kuliko logi za seva?

Sababu ni mbili kuu. Vizuia matangazo huzuia anwani za huduma zinazojulikana, na logi za seva kwa upande wake huhesabu roboti. Ukweli uko katikati. Sababu ya tatu unaweza kuirekebisha: tukio la mwisho hupotea mtu anapofunga ukurasa. Tumia `navigator.sendBeacon`, amri ya kivinjari inayotuma hata ukurasa ukifungwa, kwa data isiyozidi kilobaiti 64, na uiite ukurasa unapofichwa, yaani kwenye `visibilitychange`. `unload` haitegemeki kwenye simu.

Tutumie maktaba ya huduma au tuandike yetu?

Maktaba yao, isipokuwa programu yako ni nyepesi mno na kila kilobaiti inauma. Foleni, majaribio na saa vinaonekana rahisi mpaka uvikute kwenye simu za watu. Ila ifunike: tengeneza kitendaji kimoja, tuseme `rekodi(jina, sifa)`, na sehemu nyingine zote za programu ziite hicho tu. Universal Analytics, toleo la Google Analytics lililotangulia GA4, ilipoacha kupokea data mpya Julai 2023, waliokuwa wametawanya miito yake kwenye mafaili mia walikuwa na kazi ndefu. Kitendaji hicho ndicho pia mahali pa kukagua ridhaa: mtumiaji akikataa, kinarudi bila kufanya lolote, na foleni iliyopo inafutwa.

Tunaweza kuiweka huduma kwenye seva yetu?

Ndiyo. Matomo, iliyoanza 2007 ikiitwa Piwik, inaendeshwa kwa PHP na MySQL, na PostHog nayo ina toleo la kujiwekea. Unabaki na data yako, unabaki pia na kazi ya kuitunza.

Tujuaje kabla ya kutoa toleo jipya kwamba matukio yanafika?

Chukua simu halisi, ya bei ile wanayotumia wateja. Weka oda moja mtandao ukiwepo. Weka ya pili ukiwa umezima data, ua programu, washa data, fungua tena. Weka ya tatu saa ya simu ikiwa imerudishwa siku nzima nyuma. Kwenye upande wa huduma unapaswa kuona oda tatu, `id` tatu tofauti, na nyakati tatu zenye mantiki. Kwa Firebase, amri ya `adb shell setprop debug.firebase.analytics.app` ikifuatiwa na jina la programu yako huondoa ule mkusanyo wa saa moja, na matukio yanaonekana kwenye DebugView, skrini ya majaribio ya Firebase, papo hapo. Kisha, baada ya toleo kutoka, kila asubuhi linganisha oda za jana kwenye hifadhidata na oda za jana kwenye dashibodi. Tofauti ndogo isiyobadilika ni ya kawaida. Ikianza kukua, usingoje mhasibu aje.